Inchi Sita za Mchanga

Ijumaa, Novemba 2013. Umm Salal.

Leo hewa imekuwa njema kupita kiasi. Ule upepo wa kaskazini ulioanza Jumanne umetulia, jua limekuwa la kuota, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne nimevaa sweta asubuhi bila kujiona kichaa. Siku kama hii mtu hutaka mtu wa kumwambia, "Hewa nzuri leo." Nimewaambia mbuzi.

Niko peke yangu hapa mazraa. Mazraa ndiyo shamba kwa Waarabu wa huku, na hili ni la kafili wangu, yaani mwajiri na mdhamini wangu, mzee mstaafu ninayemwendeshea gari mwaka wa nane huu. Nyumba yao kubwa iko mjini. Huku ni mahali pao pa kupumzikia majira ya baridi: mitende, mbuzi, vitalu vya miche, na chumba changu kando ya geti. Ijumaa kwa kawaida hujaa wajukuu. Leo wote wamekwenda harusini, na mzee akasema hatanihitaji hadi kesho. Mwenzangu wa bustani, Mbangladeshi, yuko wiki ya pili likizoni kwao.

Kanisani Mesaimeer, ambako huku tunasali Ijumaa, nako sikwenda. Sababu nitaisema, ila si sasa.

Nimeshinda na tanuri.

Ni tanuri la matofali la kuokea mkate. Nalijenga nyuma ya jiko la nje, pale palipokuwa na sehemu ya kuchomea nyama iliyobomoka zamani. Kafili alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Nilimwambia wajukuu watafurahia mkate wa moto. Akacheka, akasema sawa, tumia zile bloku zilizobaki kwenye ukuta wa mbuzi, bora usiniunguzie mitende. Hata matofali mekundu yanayostahimili moto alininunulia mwenyewe. Yamepangwa ukutani pale yananingoja.

Lakini wajukuu walikuwa kisingizio tu.

Mke wangu, Mama Mghoi, yuko kwetu Wundanyi. Tangu nimfahamu anataka tanuri. Aoke mikate na skonzi, awauzie shule mbili zilizo karibu na vibanda vya chai vya sokoni. Mwezi wa sita aliniambia amepata mahali pa kulijenga, kando ya jiko, na mimi kama kawaida yangu nikashika usukani. Nyumba ile niliijenga kwa simu. Choo, kwa simu. Tangi la maji ya mvua, kwa simu. Rangi ya mlango niliichagua kwa simu, kisha nikalalamika kwa simu kwamba si ile niliyosema. Rafiki yangu Wafula huniita mkurugenzi wa simu. Wafula ni mtu wa Bungoma, mlinzi kwenye jengo la ofisi, anaishi Najma chumba kimoja na wenzake wanane, na mdomo wake haulipishwi ushuru.

Sasa, mimi sikuwahi kujenga tanuri maishani mwangu. Hilo sikumwambia Mama Mghoi.

Nilichokuwa nimekiona ni hiki. Pale Najma, nyuma ya maduka ya simu, kuna duka dogo la khubuz, mkate bapa wa huku, la Mpathani mmoja. Kila nikimpeleka mzee kwa daktari wake wa meno, husimama dirishani pale kungoja mkate utoke. Tanuri lake ni mtungi mkubwa wa udongo uliozamishwa ndani ya kaunta. Siku moja mwezi huo wa sita nikakuta wamefumua upande mmoja kurekebisha kitu. Nikachungulia. Kote kuzunguka mtungi ni mchanga, mchanga mtupu uliojazwa na kushindiliwa. Nikamwuliza Mpathani kwa Kiarabu chetu hiki cha dereva na mwokaji. Akaupiga ule mchanga kofi, akasema raml zeen, mchanga mzuri, unashika moto.

Basi. Nikawa fundi.

Jioni hiyo hiyo nikampigia Mama Mghoi. Nikamweleza msingi, nikamweleza kuta, nikafika kwenye tabaka lile linalokaa chini ya matofali ya sakafu ili moto usipotee. Nikamwambia mchanga. "Inchi sita," nikasema, "wala usipunguze." Akauliza kama si vizuri tumwulize na fundi Mwakio, jirani yetu. Nikamjibu Mwakio ajishughulishe na mapaa. Akasema haya.

Baada ya hapo habari za tanuri zikakatika. Nikiuliza ananijibu, "Tunaendelea." Mwezi wa saba, tunaendelea. Wa nane, tunaendelea. Nikaona kumbe amekwama, na kwamba dawa ni mimi nijenge la kwangu huku hatua kwa hatua, nimwonyeshe kwa picha. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimezoea kuulizwa, na hakuna aliyekuwa akiniuliza kitu.

Nilianza Septemba mwishoni, saa za alfajiri, kabla jua halijachachamaa. Kwetu ungechimba msingi hadi kiunoni kwa sababu ule udongo mwekundu huvimba ukinyeshewa. Hapa niliondoa mchanga wilbaro tano tu nikagonga mwamba mweupe. Sepetu ikaruka na kiwiko changu kikaruka nayo. Nikamwaga zege jembamba la kusawazisha, na kwa kuwa sina pima maji nikatumia mpira wa maji, ule unaoonyesha ndani, alivyonifundisha marehemu baba: unajaza maji, unashika ncha huku na ncha kule, maji hayadanganyi. Shida ni kwamba ncha kule inataka mtu wa kuishika. Nilifunga kwenye kigogo, nikawa nakimbia upande hadi upande. Mpira ukichomoka naanza upya. Asubuhi moja nilianza upya mara saba.

Juu ya zege nikatandika nailoni nzito, maana chini hapa kuna unyevu wa chumvi unaopanda na kula kila kitu. Halafu bloku kwa pande tatu, mbele nikaacha wazi pa kuhifadhia kuni, maana moto wenyewe huwashwa juu, kwenye matofali ya sakafu. Halafu slabu ya juu.

Slabu ndiyo Wafula alikuja kunisaidia, Ijumaa tatu zilizopita, baada ya ibada. Alivua shati la kanisa akalitundika kwenye mtende, akachanganya zege akiwa na fulana na viatu vyangu vya ziada, huku domo halifungi.

"Sasa hii oveni ni ya nani, boss? Ngamia wanakula mkate?"

"Ya wajukuu wa mzee."

"Wajukuu wa mzee wanakula piza ya kuletwa na pikipiki. Wewe unajijengea nyumba ya kuingia, niamini. Bado mlango tu."

Nilicheka siku ile. Tuliifunika slabu magunia, na kwa siku kumi nikayamwagilia maji asubuhi na jioni, kwa sababu upepo wa hapa hunywa maji ya zege kabla zege lenyewe halijayanywa. Jumatano nikabomoa mbao. Haikuwa na ufa hata mmoja. Nikaizunguka mara kadhaa nikiigonga kwa ngumi. Sikuwa na wa kumwonyesha, kwa hiyo nikaipiga picha, kisha sikumtumia mtu.

Sasa ile sababu ya Mesaimeer.

Mara ya mwisho kwenda nyumbani ilikuwa 2009. Mkataba wangu unanipa likizo kila baada ya miaka miwili. Mwaka 2011 nilimwambia Mama Mghoi kwamba kafili amekataa. Mwaka huu, mwezi wa tano, nikamwambia tena kafili amekataa. Kafili hajakataa. Mzee wa watu aliniuliza mwenyewe, mara zote mbili, nataka tikiti ya lini, na mara zote mbili nikamjibu bado, mzee, kuna kazi nyingi. Akaniona mfanyakazi mwaminifu sana. Mara ya pili alinipa na blanketi.

Mficha uchi hazai, basi wacha niandike. Niliogopa kwenda kwangu.

Ile 2009 nilifika Wundanyi na masanduku mawili. Mghoi, binti yetu wa pekee, alikuwa na miaka tisa. Akanipa mkono jinsi anavyompa mwalimu mkuu, akarudi kusimama nyuma ya mama yake. Hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni kikombe. Asubuhi ya kwanza Mama Mghoi alinitilia chai katika vile vikombe vya kabatini, vyenye maua, vya wageni. Yeye na Mghoi wakanywea vya bati. Hakuwa na nia mbaya, alitaka kunipa kilicho kizuri. Lakini nilikitazama kile kikombe hadi chai ikapoa.

Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikaa siku arobaini na hakuna aliyenipa jembe. Kila nikisimama naambiwa kaa, pumzika, umetoka mbali. Wiki ya tano bado nilikuwa nimetoka mbali. Siku moja nilitaka kuongeza sukari, nikafungua makopo manne nisiione. Mghoi akaja mbio akanitolea kutoka mahali ambapo nisingefikiria kamwe. Sikujua sukari inakaa wapi nyumbani kwangu mwenyewe.

Nilipopanda ndege kurudi, nilisikia nafuu. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Hapa angalau najua kila kitu kilipo.

Kwa hiyo kule kanisani, baada ya ibada, kwenye foleni ya chai, swali ni lile lile: "Unaenda home lini?" Nami najibu lile lile, kwamba kafili ni mgumu, na wote wananipa pole. Wafula mwenyewe hunipa pole. Nimechoka kudanganya watu nikiwa nimetoka tu kuimba nao. Ijumaa hii nikaona bora mchanga.

Saa mbili asubuhi nilianza. Nilikuwa nimeshajenga ukingo wa bloku kuzunguka slabu, juu pakawa na kitu kama sinia kubwa la kupokea mchanga. Nikauchekecha kwa wavu, nikautoa kokoto na mizizi, nikapandisha karai kwa karai. Nikamwaga, nikanyunyiza, nikashindilia kwa kipande cha mbao. Nikapima kwa rula ya Mbangladeshi. Kufikia saa nne na nusu nilikuwa na inchi nne, zimekaa sawasawa, na nilijisikia mtu mwenye akili.

Ndipo simu ikatoa mlio. Ni picha. Shule zimefungwa kule, kwa hiyo Mghoi ndiye mwenye simu ya mama yake siku hizi.

Picha ilikuwa ya mkate. Mkate mrefu, umepanda vizuri, kahawia pande zote, umewekwa juu ya kitambaa. Chini yake ameandika: "Baba, huu ni wa leo."

Wa leo. Basi kuna wa jana, na wa juzi. Nikaikuza ile picha kwa vidole. Nyuma ya mkate kuna tanuri, limepakwa chokaa, na juu ya mlango wake kuna masizi meusi yamepanda hadi karibu na kilele. Masizi ya namna ile si ya siku moja. Niliketi kwenye gunia la saruji. Nilihisi kitu ambacho sijui nikiite hasira au nini.

Nikapiga. Akapokea Mama Mghoi mwenyewe.

"Limeisha lini?" Sikusalimu.

"Habari ya asubuhi, Baba Mghoi," akasema polepole, vile anavyosema akitaka mtu akumbuke adabu yake.

"Nzuri. Limeisha lini?"

"Mara ya kwanza au mara ya pili?"

Akanieleza. Nami, kwa mara ya kwanza katika miaka sijui mingapi, nilisikiliza bila kumkatiza.

Alijenga mwezi wa saba, vile vile nilivyosema. Msingi, kuta, inchi sita za mchanga bila kupunguza. Alipooka mara ya kwanza mikate iliungua juu na chini ikawa unga uliolowa. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu alitia moto tangu usiku haujaisha, akamaliza kuni za wiki nzima, akafagia makaa, akaweka mikate, na sakafu ikapoa kabla mikate haijajua iko wapi. Kuku walikula vizuri mwezi ule. Mwakio, yule yule niliyemwambia ajishughulishe na mapaa, alikuwa anapita akaja kutazama. Hakugusa tanuri kwa ndani. Aliingiza mkono chini ya slabu, pale pa kuni, akautoa haraka. Akasema, "Mama Mghoi, moto wako wote uko huku chini. Unaoka kuni."

Nikajitetea. Nikamwambia habari za Mpathani wa Najma, na jinsi mchanga ulivyojaa kote, na kwamba mkate wake ni mzuri, nimeula mimi.

"Huyo wa Najma," akauliza, "moto wake huzimika saa ngapi?"

"Hauzimiki. Una gesi, unawaka kutwa."

"Basi. Huyo hata akiuvujisha ana mwingine. Wangu mimi nautoa makaa ndipo niweke mkate. Kinachobaki ndani ya tofali ndicho changu, na mchanga ulikuwa unakinywa."

Nilikuwa nimesimama dirishani pale miaka, na hilo sikuwahi kulifikiria.

Walilifumua wenyewe, yeye na Mghoi. Walianzia mlangoni, wakang'oa matofali ya sakafu moja moja, kila moja likaandikwa namba kwa chaki. Mchanga waliutoa kwa beseni, yeye akiwa ameingia nusu mwili ndani ya tanuri. Kisha wakakusanya chupa tupu kule hotelini kwa stendi, wakazilaza kwa safu, wakajaza majivu makavu na udongo katikati, wakarudisha matofali juu kwa namba zake. Kwa sababu chupa ina hewa ndani, akaniambia, na majivu yana hewa, na moto haupendi kupita kwenye hewa iliyofungiwa. Alilisema hilo kwa urahisi tu, vile mtu anavyosema kitu alichokijua kwa mikono yake. Sasa anawasha alfajiri kwa nusu ya kuni zile na anaoka hadi saa nne.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeumia," akasema. Kisha akaongeza, "Halafu ungeanza kunielekeza upya."

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka, naye akacheka, na kwa muda kidogo tulikuwa watu wawili wanaocheka kitu kimoja. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi yangu ilikuwa imempiga yeye.

Nikamwambia ninalolijenga hapa. Hakuwa analijua. Nikamwambia nimekwisha kuweka inchi nne za mchanga, na nilimsikia akijizuia kucheka. Halafu nikafanya kitu ambacho, nikitazama nyuma, sikumbuki kukifanya tangu niondoke. Nikamwuliza nifanyeje.

"Huko una kitu gani chepesi?"

Chupa sina. Hapa pombe ni kwa kibali, mtu akikusanya chupa tupu ataulizwa zilikuwa na nini. Majivu ni kidogo. Nikakumbuka stoo ya miche kuna magunia ya vile vijiwe vyeupe ambavyo Mbangladeshi huchanganya na udongo wa kuoteshea, vyepesi kama bisi. Nikaenda na simu sikioni, nikafungua gunia.

"Tia kiganjani, upulize," akasema.

Nikapuliza. Vikaruka hadi mlangoni.

"Hivyo ndivyo. Saruji kidogo tu, ya kushikanisha. Maji kidogo, isiwe uji. Ukiminya mkononi ishikane, ukiigusa imeguke. Uiweke tu, usiishindilie, utatoa hewa yote." Halafu kama aliyekumbuka: "Na usiwe na haraka nayo. Yangu niliiacha wiki tatu ndipo nikarudisha matofali. Ikifungiwa na maji ndani, itapasua sakafu."

Nikawa naandika kwa kalamu ya gari kwenye gunia la saruji. Inchi nne, akasema. Sita ni za nini.

Ndipo akaniuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayewaza kazi ya jikoni.

"Na likiisha, Baba Mghoi, huko utaoka mkate wa nani?"

Nikafungua mdomo niseme wajukuu wa mzee. Halikutoka. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa stoo, shamba lote limenyamaza, hata mbuzi, na nilijua kwamba nikisema wajukuu nitasema wajukuu hadi nife.

"Kafili hakukataa," nikamwambia. "Hajawahi kukataa. Ni mimi."

Kule upande wa pili nilisikia Mghoi akiuliza kitu na yeye akimwambia nenda nje kidogo. Mlango ukafungwa.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya kwanza. Mtu aliyekataliwa likizo hukasirika. Wewe ulinieleza kwa upole sana."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nini? Mtu hasukumwi aje kwake."

Nikamweleza yote basi, kikombe, sukari, nafuu ya kwenye ndege. Nilidhani atalia, au atanitukana, na ningestahili. Badala yake akaniambia kwamba asubuhi ile ya 2009 hata yeye hakujua anitilie chai katika nini. Kwamba alikuwa amekaa jikoni na vikombe viwili mbele yake, cha bati na cha maua, akaona akinipa cha bati nitasema ananidharau. Kwamba siku zile arobaini aliniambia pumzika kwa sababu aliogopa akinipa kazi sitarudi tena kumtembelea. Kumtembelea. Hilo neno alilitumia yeye mwenyewe na wote wawili tulilisikia.

"Kuni za tanuri hili ni nyingi," akasema mwishoni, na sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo. "Napasua mwenyewe na mgongo wangu unaniuma. Sitakuambia pumzika tena. Ukija utapasua."

Nikasema nitapasua. Nikasema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti haikufika vizuri.

Tulipokata ilikuwa imepita saa nzima. Sikumbuki mara ya mwisho tulizungumza saa nzima. Kwa kawaida ni karo, mvua, mama yako anaumwa mguu, haya usiku mwema.

Mchana wote nimetoa mchanga. Kuutoa ni kazi kuliko kuutia, kwa sababu nilikuwa nimeushindilia kwa bidii. Halafu nikachanganya vijiwe na saruji kwenye karai kama alivyosema, nikiminya, nikiimegua, nikiminya. Ile ya kwanza ilikuwa uji nikaimwaga. Ya pili ilishikana na kumeguka. Nikaiweka kwa mkono bila kuishindilia, inchi nne, nikailainisha kwa mwiko mpaka ikawa sawa. Gunia la Mbangladeshi nitamlipa akirudi, nitamweleza. Nimeifunika nailoni, pembeni nimeacha pa kupumulia.

Sasa ni saa kumi na moja na robo. Nimeoga, nimekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba changu, naandika haya. Upweke haujaondoka. Nilidhani nikishasema ukweli utaondoka, lakini umekaa pale pale, tena leo nausikia zaidi, labda kwa sababu sasa una jina na una mahali. Nimeitazama ile picha ya mkate mara nyingi kuliko inavyostahili mkate.

Naogopa bado. Mghoi ana miaka kumi na mitatu. Sijui anapenda kula nini mbali na mkate. Sijui nitakaa upande gani wa meza. Sijui kama mtu anaweza kujifunza nyumba yake katika siku arobaini, na kama haziwezi kutosha, basi itabidi niulize swali lingine kubwa zaidi, ambalo leo sina nguvu nalo.

Lile tabaka juu ya slabu linataka wiki tatu kukauka. Halinihitaji hapa.

Kesho saa tatu namfuata mzee mjini kumleta mazraa. Nitamwomba likizo tukiwa bado barabarani, kabla hatujafika, kabla hajaliona tanuri akaniuliza litakwisha lini.